Uchambuzi wa Al-Jami' ya Ibn al-Baytar, Chapa ya Juzuu Nne

Assalamu alaikum, watazamaji wangu. Bidhaa iliyo mezani leo ni kitabu, tena kizito: juzuu nne za Kiarabu zilizofungwa katika majalada mawili, zenye jina refu la Al-Jami' li-Mufradat al-Adwiya wal-Aghdhiya, yaani mkusanyo wa dawa na vyakula vinavyotumika kimoja kimoja, kabla ya kuchanganywa. Mtunzi wake ni Ibn al-Baytar, mtaalamu wa mimea na mfamasia aliyezaliwa Malaga, katika Andalusia (Hispania ya Waislamu), mwishoni mwa karne ya 12, akafariki Damascus mwaka 1248. Chapa hii inafuata ile iliyotolewa Bulaq, Cairo, mwaka 1874.

Nianze na kilichomo, kwa sababu ndicho unachokilipia. Dawa zilizoelezwa zinapita 1,400, zimepangwa kwa mfuatano wa herufi, na nyingi ni mimea. Takriban 300 hazikuwamo katika vitabu vilivyotangulia. Amenukuu waandishi wapatao 150, Wagiriki kama Dioscorides na Galen pamoja na Waislamu waliomtangulia, na kila neno amelirudisha kwa mwenyewe: fulani amesema hivi, fulani amesema vile. Pale anapotaka kuongeza la kwake, huweka neno fupi la herufi mbili, "li", lenye maana ya "langu". Kwangu mimi, neno hilo dogo ndilo linalokipa kitabu thamani yake. Msomaji hapotei hata mara moja kati ya yaliyopokewa na yale ambayo mtu huyu ameyaona kwa macho yake.

Na aliyaona mengi. Alisoma kwa mtaalamu wa mimea Abu al-Abbas al-Nabati kule Seville, akatoka naye kukusanya mimea nje ya mji. Mnamo mwaka 1220 aliiacha Andalusia, akafuata pwani ya Afrika Kaskazini, akafika Asia Ndogo na hatimaye Misri, ambako Sultani al-Kamil wa ukoo wa Ayyubi alimfanya mkuu wa wataalamu wa mitishamba. Sultani alipoitwaa Damascus, naye akapata nafasi ya kuichunguza mimea ya Shamu. Mwanafunzi wake, Ibn Abi Usaybi'a, ameandika jinsi walivyotembea pamoja kando ya mji huo wakiitazama mimea mahali inapoota, na jinsi mwalimu alivyokuwa akitaja dawa pamoja na sehemu na nambari yake katika kitabu cha Dioscorides, yote kwa kichwa.

Tazameni ukurasa huu wa mwanzo, penye mmea uitwao atrilal. Ibn al-Baytar anaeleza kwamba jina ni la Kiberber, lenye maana ya mguu wa ndege, na kwamba siri yake ilikuwa mikononi mwa ukoo mmoja wa Waberber wa upande wa Bejaia, katika Algeria ya leo, ambao watu wenye mbalanga waliwaendea kununua dawa. Mgonjwa hupewa unga wa mbegu, kisha huketi juani akiwa ameacha wazi sehemu zenye mabaka, mpaka ngozi itoke malengelenge na baadaye rangi irudi. Katika miaka ya 1940 wanasayansi wa Misri walichambua mbegu za mmea huo huo, wakapata kemikali zinazoifanya ngozi iathiriwe na mwanga wa jua, na tiba ya kisasa ya mbalanga kwa dawa na mwanga ikaanzia hapo. Nawasihi lakini msiijaribu nyumbani, maana kemikali hizo huunguza ngozi vibaya.

Msomaji wa Kiswahili atakutana na jamaa wengi humu. Qaranful ni karafuu yetu, za'faran ni zafarani, luban ni ubani, na sabir, utomvu mchungu wa mmea unaotajwa kwa urefu, ndiyo shubiri tuliyopakwa vidoleni utotoni ili tuache kunyonya.

Sasa kasoro za chapa yenyewe. Herufi ni ndogo na zimesongamana, hakuna picha hata moja ya mmea, na majina ya Kigiriki yameandikwa bila irabu, hivyo mtu asiyeyajua atayasoma kwa kubahatisha. Lililonisumbua zaidi ni kukosekana kwa faharasa ya maradhi. Ukijua jina la dawa utaifikia upesi, lakini ukiwa na ugonjwa tu mkononi, itakubidi ufunue kurasa zote. Mtunzi mwenyewe aliliona hitaji hilo, akaandika kitabu cha pili, Al-Mughni, kilichopangwa kwa viungo vya mwili. Mchapishaji wa leo angeweza kutuwekea walau kurasa chache.

Kwa mwanafunzi wa famasia, wa historia ya tiba au wa mimea, mwenye Kiarabu cha kutosha, nashauri anunue. Asiyesoma Kiarabu ila anasoma Kifaransa atafute tafsiri ya Lucien Leclerc, iliyotoka kwa juzuu tatu kati ya 1877 na 1883, ambayo ina maelezo ya mfasiri kuhusu utambulisho wa mimea. Mimi nakala yangu siirudishi dukani. Katika kurasa tupu za mwisho nimeanza kuandika kwa penseli faharasa ya maradhi, na hadi leo nimefika herufi ya jim.