Buti za bodaboda: ipi ununue kwanza na ipi uiache sokoni

Pikipiki ya kawaida ya bodaboda, iwe Boxer au TVS HLX, ina uzito wa kilo 110 hadi 125 kabla abiria hajapanda. Ikilala ubavu, mguu wa dereva ndio unaobaki katikati ya injini na lami. Kwa madereva wanaotoka hai ajalini, mguu huumia mara nyingi kuliko kiungo kingine, na kifundo kikivunjika mtu hukaa nyumbani miezi kadhaa bila kupeleka hesabu kwa bosi wala kuleta chochote kwa watoto. Kofia ngumu angalau watu wameanza kuielewa. Mguuni bado tunaona kandambili, yeboyebo, makobazi na raba nyepesi.

Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya waendesha pikipiki 212 waliopata ajali katika eneo la Canberra. Waliovaa buti ambazo wala hazikutengenezwa kwa ajili ya pikipiki, hatari yao ya kuumia nyayo na vifundo ilikuwa chini ya nusu ya ile ya waliovaa viatu vya kawaida au raba. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu mwenye kipato cha bodaboda, kwa sababu maana yake ni kwamba huhitaji kusubiri mpaka upate pesa ya buti za maonyesho. Buti la kazi la bei ya wastani, likifunika kifundo na likafungwa vizuri, tayari linakutoa kwenye kundi la hatari zaidi.

Mpangilio ulio hapa chini umemlenga dereva wa kutwa nzima: anayepanda na kushuka mara nyingi, anayebeba mizigo, anayeshuka kumsindikiza mteja hadi mlangoni. Anayesafiri Dar hadi Mbeya mara moja moja anaweza kupanga tofauti.

Kabla ya kuangalia bei, shika buti mkononi

Watu wengi dukani wanagonga chuma cha mbele, wakisikia kinalia wanatoa pesa. Chuma kina faida yake, lakini si cha kwanza. Anza na shingo ya buti. Ivae, weka kidole gumba juu ya mfupa wa kifundo, upande wa ndani na wa nje. Mifupa yote miwili lazima ifunikwe, na ngozi ipande juu yake kwa upana wa vidole viwili zaidi. Kama ngozi inaishia usawa wa mfupa, hicho ni kiatu, hata kikiitwa buti.

Halafu pima soli kwa namna mbili. Kwanza, shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mkono mwingine, ukamue kama unayekamua nguo. Soli nzuri inagoma. Pili, ibane soli kwa ubavu pale penye upana wa vidole, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili. Ikijikunja kuelekea katikati kirahisi, pikipiki ikilalia mguu huo mifupa ya wayo itabanwa hivyohivyo.

Mwisho, funga buti kama utakavyolifunga kazini, kaa, mwombe mtu akamate kisigino avute kwa nguvu. Kama linachomoka, basi barabarani litachomoka kabla hujamaliza kuburuzika, na mguu utamalizia safari ukiwa peku. Hili ndilo linaloharibu sifa ya buti nyingi zinazoonekana imara.

1. Buti halisi za pikipiki, fupi au za kati

Hakuna kinachozishinda kwa ulinzi. Zina vikombe vigumu juu ya vifundo, soli yenye uti wa ndani unaozuia kubanwa kwa ubavu, na kipande cha ziada cha ngozi juu ya vidole vya mguu wa kushoto ambapo pedali ya gia inasugua. Zinafungwa kwa zipu yenye kifuniko au kwa bizimu, kwa hiyo hakuna kamba ya kunasa.

Alama ya kutafuta iko ndani ya ulimi au shingo: mchoro wa mtu juu ya pikipiki na maandishi EN 13634, ambacho ni kiwango cha Ulaya cha viatu vya waendesha pikipiki. Katika toleo la 2017 utaona chini yake tarakimu nne, kila moja ikiwa 1 au 2. Ya kwanza ni urefu wa shingo, ya pili ni uwezo wa kustahimili kusuguliwa na lami, ya tatu kukatwa, ya nne ugumu wa soli inapobanwa kwa ubavu. Kwa kazi ya mjini 1 inatosha, ila kwenye tarakimu ya nne tunashauri utafute 2 ukiweza. Herufi IPA zina maana kwamba kinga ya kifundo imepimwa, na WR kwamba buti zima limepimwa kuzuia maji. Alama ya CE (dai la mtengenezaji kwamba bidhaa inakidhi masharti ya Ulaya) peke yake, bila namba ya kiwango, usiilipie hata shilingi.

Zikiwa mpya bei yake mara nyingi inavuka laki tatu za Tanzania, na maduka yanayoziuza ni machache. Mitumba ndiyo njia ya wengi, na hapo kuna mtego tutakaoueleza mbele. Za motokrosi, zile ndefu za plastiki zinazofika karibu na goti, ziache. Zinalinda sana, lakini huwezi kuzitembelea siku nzima wala kuhisi gia vizuri, na zitaishia chini ya uvungu.

2. Sefti buti za shingo ndefu

Kwa dereva anayenunua leo kwa pesa iliyopo mfukoni, hizi ndizo tunazomwambia anunue. Kariakoo jozi ya maana kwa kawaida iko kati ya shilingi 40,000 na 90,000, Nairobi kati ya shilingi 2,000 na 5,000. Tafuta maandishi EN ISO 20345, kiwango cha viatu vya usalama kazini, na daraja S3. Kiwango hicho kinadai kinga ya vidole inayostahimili pigo la jouli 200 (jouli ni kipimo cha nishati ya pigo), na S3 inaongeza tabaka la kuzuia msumari kupenya soli, ngozi inayokawiza maji, na soli yenye meno. Ukikuta EN ISO 20347, ujue hicho ni kiatu cha kazi kisicho na kinga ya vidole.

S3 haina maana kwamba maji hayaingii kabisa. Kipimo chake cha maji ni cha ngozi ya juu, na mvua ya masika hupitia kwenye mshono na ulimi. Chagua jozi ambayo ulimi wake umeshonwa pembeni kwa ngozi mpaka juu, maji yatachelewa sana.

Kuna hofu inayozunguka vijiweni kwamba chuma cha mbele kikibonyea kinakata vidole. Uzito wa kukibonyeza chuma kilichopimwa kufikia hatua hiyo ungevisaga vidole vilivyo ndani ya raba bila kuacha kitu. Tatizo la kweli la sefti buti ni jingine: pua yake ni nene. Zenye kinga ya plastiki ngumu badala ya chuma ni nyepesi kidogo, lakini mara nyingi ni nene zaidi, na kwenye baadhi ya pikipiki haziingii chini ya gia.

Dawa yake ni dakika tano za kazi. Gia imebanwa kwenye shafti yenye meno kwa bolti moja, na kwa pikipiki nyingi za aina hii spana namba 10 ndiyo yake. Itoe bolti yote, chomoa gia, ipandishe jino moja, irudishe, kaza. Jino moja linatosha mara nyingi. Mawili yatafanya upande wa kisigino ushuke mno. Breki ya mguu nayo ina bolti ya kurekebisha kimo. Ukiigusa, hakikisha taa ya breki bado inawaka unapokanyaga na inazima unapoachia.

Kamba za sefti buti ni hatari iliyofichika. Kitanzi kikinasa kwenye gia au kwenye kiki, ukisimama kwenye taa mguu hautashuka, na pikipiki itaanguka upande huo ukiwa umesimama kabisa. Zifunge fundo mara mbili, kisha ncha na vitanzi uvichomeke ndani ya shingo, au umpelekee fundi viatu aongeze kipande cha ngozi cha kufunika.

Zinazofungwa kwa mpira pembeni, za kuvaa kwa kuchomeka tu, zinashindwa lile jaribio la kuvuta kisigino. Usizinunue kwa kazi hii.

3. Buti za kupandia milima na za kiaskari

Za kupandia milima ni nyepesi, zinashika kifundo vizuri na mitumbani ni nyingi. Udhaifu wake ni kitambaa: zile zenye nyavu pembeni lami inazimaliza mara moja. Chukua za ngozi tupu.

Za kiaskari zina shingo ndefu inayofunika mpaka kwenye ugoko, na hilo ni jema sana, lakini soli nyingi zinajikunja kwa ubavu. Tena Tanzania na Uganda mavazi ya jeshi kwa raia ni kesi. Kama unapenda muundo huo, chukua nyeusi za kiraia, za kampuni za ulinzi.

4. Gambuti

Msimu wa masika kila kijiwe kimejaa gambuti, na sababu inaeleweka: miguu inakaa mikavu, matope yanaoshwa kwa ndoo moja. Lakini shingo yake ni pana na haibani popote, kwa hiyo linachomoka. Soli inajikunja. Na likigusa ekzosi yenye moto, plastiki inayeyuka na kuganda kwenye ngozi ya mguu, jeraha ambalo daktari analisafisha kwa shida. Kama huna jingine, vaa gambuti la mpira halisi badala ya plastiki, lenye kubana kigimbi, na soksi ndefu nzito ndani.

Tukiwa kwenye ekzosi: kwenye bodaboda nyingi iko kulia. Buti la ngozi lenye shingo ndefu ndilo linalookoa ugoko wa dereva, lakini abiria hana buti. Mwambie apande na kushuka kwa kushoto, kila safari. Pikipiki za umeme zinazoongezeka Kigali na Nairobi hazina moto huo, ila zikikulalia ni nzito vilevile.

5. Raba za shingo ndefu

Zinafunika mfupa, zinazuia mchubuko mdogo, basi. Ni za kuvaa wakati buti liko kwa fundi. Raba fupi, makobazi na kandambili hatuzipangi.

Mtego wa mitumba

Buti la mitumba linaweza kuonekana jipya kabisa, ngozi inang'aa, meno ya soli yamejaa, na likavunjika soli ndani ya wiki ya pili. Sababu ni aina ya soli. Soli nyingi za buti za kisasa zina tabaka la poliyurethani, lile jepesi kama sifongo gumu lililo kati ya ngozi na mpira wa chini. Unyevunyevu wa hewa hulivunja polepole miaka inavyopita, hata buti likiwa kabatini halijavaliwa. Hilo la kabatini ndilo baya zaidi, kwa sababu halina dalili ya kuchakaa, na muuzaji mwenyewe hajui.

Kwa hiyo, tafuta tarehe ya kutengenezwa. Kwenye sefti buti huandikwa mwezi na mwaka kwenye lebo ya ulimi au hupigwa chapa chini ya soli. Likiwa na zaidi ya miaka mitano, kuwa mwangalifu. Bonyeza ukucha kwenye tabaka hilo la kati: likirudi, tabaka ni zima; likibaki na alama, likinata au likidondosha unga, liache. Kunja buti pale vidole vinapokunjwa na uangalie kwenye mwanga kama kuna nyufa nyembamba pembeni. Fundi anaweza kushona soli iliyobanduka, hawezi kushona soli iliyooza.

Kwa buti za pikipiki ongeza uchunguzi huu: minya kikombe cha kifundo pande zote mbili za buti zote mbili. Kikilia kama plastiki iliyopasuka, au upande wa nje ukiwa na mchubuko mpana uliopakwa dawa ya viatu, buti hilo limeshaanguka na mwenzako. Pandisha na kushusha zipu mara kadhaa ukiwa umelivaa, kwa sababu zipu huachia mguu ukiwa ndani. Hakikisha pia namba za kulia na kushoto zinafanana. Kwenye marundo jozi huchanganywa.

Saizi na matunzo

Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kazi, na soksi utakazovaa. Mbele ibaki nafasi ya sentimita moja. Kisigino kisipande unapotembea. Kisha kaa juu ya pikipiki, ingiza gia zote na ukanyage breki. Buti lililokaa vizuri kwenye zulia la duka linaweza kukataa kabisa kuingia chini ya gia.

Likilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, yabadilishe baada ya saa moja au mbili, uliweke buti kivulini penye upepo. Juani au karibu na jiko ngozi inapasuka na gundi inaachia. Usisafishe kwa petroli, inakula gundi hiyohiyo. Paka dawa ya nta kila wiki, zaidi kwenye mishono na pale gia inaposugua. Hapo ndipo ngozi hutoboka kwanza, na fundi viatu akiweka kiraka mapema buti linapata muda mrefu zaidi.

Baada ya ajali, hata ndogo, rudia yale majaribio ya soli na kifundo. Chuma cha mbele kilichobonyea hata kidogo hakirekebishwi kwa nyundo. Kimeshatumika, na pigo la pili hakitalizuia.