Chandarua cha Interceptor G2: kwa mbu wa malaria aina ya funestus nyota tano, kwa mbu wa dengi mbili

Kwa macho, chandarua hiki cha kampuni ya BASF hakina tofauti na vingine vya poliesta. Tofauti iko kwenye dawa: alfa-sipamethrini miligramu 100 kwa mita ya mraba, na klofenapiri miligramu 200. Ya kwanza ni ya ukoo uleule ambao mbu wetu wameshauzoea. Ya pili ndiyo yenye kazi. Mbu akishaigusa, vimeng'enya vyake mwenyewe, vilevile anavyovunjia dawa za zamani, huigeuza kuwa sumu inayokata nguvu kwenye seli. Hufa taratibu, hadi saa 72. Kwa hiyo ukimkuta asubuhi bado anaruka, usikimbilie kusema feki.

Kwenye jaribio la Misungwi, Mwanza, watoto waliolalia chandarua hiki waliugua malaria pungufu kwa asilimia 44 katika miaka miwili, wakilinganishwa na wa vyandarua vya dawa moja. Mbu mkuu wa huko ni Anopheles funestus, anayemfuata mtu ndani usiku wa manane. Anopheles arabiensis, mbu mwingine wa malaria anayeuma nje jioni na hata kunyonya damu ya ng'ombe, hukikwepa kwa urahisi zaidi.

Sasa kilete Dar, Mombasa au Unguja. Dengi na chikungunya huenezwa na Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, na huyu huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuzama. Saa hizo chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda. Kitamfaa mtoto anayelala mchana, na mgonjwa wa dengi wiki ya kwanza ya homa, asije akawapa mbu wa nyumbani virusi.

Na asikudanganye mtu kuwa ukishaugua dengi basi. Virusi vyake ni aina 4. Mlipuko wa Dar wa 2014 ulikuwa wa aina ya 2. Kinga ya kudumu ni ya aina uliyougua tu, na aina nyingine ikikupata baadaye, hatari ya kutoka damu na mshtuko hupanda. Chikungunya (jina la Kimakonde hilo) nayo ilionyesha vituko: ilizuka Lamu 2004, ikafika kisiwa cha Réunion, na huko badiliko moja kwenye protini E1 ya virusi, nafasi ya 226, likamfanya Aedes albopictus, ndugu wa aegypti, kuwa msambazaji hodari.

Kipya kianike kivulini saa 24. Fua kwa sabuni ya kipande na maji baridi, si zaidi ya mara moja kila miezi mitatu, Jik marufuku. Maji ya kufulia mwaga shimoni, mbali na bwawa, yanaua samaki.

Kwa Aedes, pesa inayobaki nunulia mfuniko wa pipa na brashi. Mayai yake hunata kwenye kuta za pipa juu ya usawa wa maji na hustahimili ukavu miezi kadhaa, hivyo kumwaga maji tu hakutoshi: sugua kuta kila wiki.