Kabla Hujasaini Kifurushi cha Laini Pekee, Tazama Hii

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo sina simu mpya mkononi. Nina kadi hii ndogo tu, maana tunachambua mkataba wa laini pekee: simu unayo tayari, unachokilipia kila mwezi ni dakika, meseji na data.

Uzuri wake ni kwamba unajua hela yako inakwenda wapi. Ukichukua simu kwa mkataba, bei ya kifaa huwa imo ndani ya malipo ya kila mwezi, na ukijisahau unaweza kuendelea kulipa kiasi kilekile hata baada ya simu yenyewe kuisha deni. Kwa hiyo kama simu yako bado nzima, mimi nakushauri laini pekee bila kusita.

Ugumu uko kwenye kuchagua. Tunakimbilia kifurushi chenye GB nyingi, na mimi nilifanya hivyo. Nikachukua kilichoandikwa "bila kikomo". Mchana kilikwenda vizuri. Ikifika saa mbili usiku, watu wote wako mtandaoni, ramani tu ikawa haifunguki. Nilipousoma mkataba nikakuta wateja wa kifurushi changu wanashushwa kasi mnara ukielemewa. Iliniuma, maana ilikuwa imeandikwa na sikuisoma.

Basi kwanza ingia kwenye mipangilio ya simu, utazame data uliyotumia mwezi mzima bila Wi-Fi. Mimi nilidhani ni GB 50, nikakuta 9. Kinachokula data hasa ni video: saa moja ya picha kali inaweza kumaliza GB 3, ukipunguza ubora inashuka hata chini ya 1. Meseji na ramani ni kidogo sana.

Halafu uliza mnara ni wa nani. Kuna kampuni nyingi zisizo na minara. Zinakodi ya wakubwa na kuuza kwa bei nafuu. Mawimbi ni yaleyale, lakini msongamano ukizidi, mara nyingi mteja wa kampuni iliyokodi ndiye anayesubiri. Kama kazi yako haitegemei intaneti ya jioni, huo unafuu uchukue.

Na usiiamini peke yake ramani ya kampuni inayoonyesha mtandao unafika wapi. Mawimbi ya masafa ya chini, kama 700 au 800 MHz, yanafika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya 3500 MHz yanayotumika sana kwa 5G yanabeba data nyingi, ila ukuta mnene unayapunguza nguvu. Ndiyo maana nje unaona 5G, ukiingia chumbani inapotea. Nunua laini ya majaribio, kaa nayo pale unapolala na unapofanyia kazi. Hakuna kipimo kinachozidi hicho.

Hakikisha pia simu yako haijafungiwa mtandao mmoja, na kwamba inaweza kupiga simu kupitia 4G kwenye mtandao unaohamia. Nchi nyingi zimeshazima 3G, na simu isiyo na uwezo huo inaweza kukuachia data bila sauti.

Mkataba wa mwaka mmoja au wa siku 30? Wa mwaka kwa kawaida ni rahisi kidogo kwa mwezi. Mimi nimechukua wa siku 30, kwa sababu mtandao ukiharibika nataka kuondoka kesho, si mwakani. Ukichagua wa mwaka, soma kama bei inaruhusiwa kupanda katikati. Hotspoti na matumizi ya nje ya nchi navyo viangalie, mara nyingi vina kikomo chake.

La mwisho, tafadhali sana: usiifunge laini ya zamani kwanza. Omba namba ihamishwe, subiri ihamie, upigiwe simu ya kujaribu. Ukiifunga mapema unaweza kuipoteza namba, na benki inatuma msimbo wa siri kwenye namba hiyohiyo.