Uzoefu wangu: kwizi ya "Wewe ni mtu wa aina gani?" tuliyoijibu Mbeya na Tukuyu

Zipo kwizi za kwenye simu zinazokuuliza unapenda rangi gani, chakula gani, mvua au jua, halafu mwishoni zinakutajia haiba yako. Wengi wanaziona za watoto. Mimi nazipenda, na hii ninayoieleza leo imekaa kwenye simu yangu tangu kipindi cha baridi. Ni ya bure, iko kwa Kiswahili, na inakuja kwa picha mbili mbili: unagusa ile unayoipenda, inafuata nyingine. Hailagi bando. Kinachokera ni matangazo, maana yanakatiza katikati ya swali, na kitufe cha kuyafunga ni kidogo mno kwa mtu mwenye vidole vya baridi ya Mbeya mwezi wa saba.

Nianze na majibu yake, kwa sababu ndiyo kila mtu anayakimbilia. Mimi niliambiwa ni mpole, napenda watu ila nahitaji muda wangu peke yangu, na kwamba nina uwezo ambao bado sijautumia wote. Nikamsomea wifi yangu maneno hayohayo bila kumwambia ni ya nani. Akaniambia, "Hapo wamenipata kabisa, wifi." Jirani yetu naye akasema ni yeye mtupu.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la haiba, kisha akamkabidhi kila mmoja maelezo yake, aone kama yanamfaa. Wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5. Kumbe wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yaleyale, na sehemu kubwa aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu. Kwa hiyo ukiambiwa na simu kwamba una moyo mkubwa ila huamini watu haraka, furahi tu, lakini usiende kumchagua mchumba kwa maneno hayo.

Isitoshe, majibu yenyewe hayatulii. Nilijibu asubuhi moja ya ukungu, nikaambiwa ni mtu wa utulivu na nyumbani. Nikarudia Jumamosi jua limewaka, nimetoka sokoni Mwanjelwa nimechangamka, nikawa mtu wa safari na hatari. Kipimo kinachofuata hali ya hewa hakiwezi kuitwa kipimo cha haiba.

Mbona basi naisifu? Kwa sababu ya maswali. Ukijibu peke yako huku umejifunika blanketi, yanapita hivihivi. Ukiyasoma kwa sauti mbele za watu unaowapenda, yanafungua mambo ambayo hamkuwahi kuulizana.

Tulikuwa Tukuyu kwa mama mkwe, na mvua ya kule mnaijua, ikishika haiachii. Tumekaa jikoni, nasoma maswali mmoja baada ya mwingine, kila mtu anajibu. Likafika swali la harufu: ni harufu gani inakukumbusha nyumbani, mkate unaookwa, bahari, au majani yaliyokatwa? Mama akasema, "Hapo hakuna langu, mwanangu. Andika chai." Nikadhani anamaanisha chai ya kikombe. Hapana, alimaanisha ile harufu inayotoka kiwandani jioni, majani yakikaushwa, inayoshuka mpaka barabarani. Mama alichuma chai miaka mingi kabla hajaolewa na baada ya hapo.

Mume wangu akashangaa. "Mama, si ulikuwa unailaani ile kazi? Kikapu kizito, nguo zimelowa kutwa?" Mama akamjibu, "Kazi ilikuwa ngumu. Harufu haikuwa na kosa." Akanyoosha mkono akatuonyesha uchumaji ulivyo: kidole gumba na cha shahada vinashika majani mawili na chipukizi lake, vinakata, kiganja kinapokea, mkono tayari uko kwenye shina lingine. Vidole vilienda upesi utadhani ameacha jana. Watoto wakaanza kuigiza. Simu ikazima kioo, na hakuna aliyekumbuka kuigusa kwa muda mrefu.

Hilo halikuwamo kwenye orodha ya majibu, lakini bila swali lile lisingetokea. Mume wangu amezaliwa na mama yule, na siku ile alijua kitu kipya kumhusu.

Mchezo huu wala si wa juzi. Ulaya ya karne ya 19 vijana walikuwa na vitabu vya kuandikiana majibu ya namna hii: ua unalolipenda, ndege unayempenda, rangi, sifa unayoithamini kwa mtu. Mwandishi wa Ufaransa Marcel Proust alijaza kimoja cha aina hiyo akiwa bado kijana, cha rafiki yake Antoinette Faure, na mpaka leo orodha ya maswali yale inaitwa kwa jina lake, ingawa si yeye aliyeyatunga. Yalikuwa ya kuulizana watu wanaofahamiana, na hapo ndipo naona utamu wake ulipo.

Udhaifu mkubwa wa kwizi hii ni kwamba aliyeitunga hakutufikiria sisi wa nyanda za juu. "Theluji au ufukwe?" Theluji hatuna, tuna baridi kali, na ufukwe tunao wetu. Ilibidi tubadilishe. Tukaulizana: Matema au Ngosi? Hapo watu waligawanyika vibaya sana. Wa Matema wanataka mchanga wa Ziwa Nyasa, milima ya Livingstone imesimama pembeni, na samaki mbasa wa kukaanga. Wa Ngosi wanataka kupanda msituni mpaka pumzi ikate, halafu ghafla ziwa liko chini yako, ndani ya shimo la volkano. Swali la ua likawa la Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, inayoitwa Bustani ya Mungu kwa maua yake. Na la chakula, wali wa Kyela au ndizi za Tukuyu, naomba usiliulize kwenye nyumba ambayo mume katoka huku na mke katoka kule kama hamjashiba.

Sasa suala la usalama, na hapa sina mzaha. Kwizi hii haikuniomba jina wala namba, ndiyo maana naisifu waziwazi. Nyingine niliyowahi kuijaribu, ambayo siitaji, ilinimalizisha maswali yote, kisha ikadai namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa na ruhusa ya kusoma orodha ya watu wangu kabla ya kunipa majibu. Niliifuta palepale. Mwaka 2018 dunia iligundua kwamba programu moja ya maswali ya haiba ndani ya Facebook, iliyojibiwa na watu wapatao 270,000, ilizoa pia taarifa za marafiki zao, na Facebook yenyewe ikasema huenda zilifika za watu milioni 87 mikononi mwa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya ushauri wa kampeni za kisiasa. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na anayekusanya taarifa zako anatakiwa akwambie ni za kazi gani. Asiyekwambia, usimpe. Kupenda kwako ndizi hakuhitaji tarehe ya kuzaliwa.

Naipa nyota nne. Ya tano nitaitoa mtunzi akifanya haya: aweke nafasi ya mtu kuandika jibu lake mwenyewe, kama mama alivyolihitaji la chai, aongeze sehemu ya kujibu kundi zima kwa simu moja, kila mtu na rangi yake, na maswali ya vyakula na mahali yafuate mkoa unaouchagua mwanzoni. Na matangazo, tafadhali, yasubiri mwisho, maana mzee akianza kusimulia hatutaki sauti ya tangazo la mkopo imkatize.