Niliuliza swali la sheria, nikatazamwa kama jambazi

Kama unafikiria kununua kisu cha kipepeo, kile chenye mipini miwili inayozunguka na kuyaficha makali katikati yake, tena cha bei nafuu, hiki cha dola 20 na kitu, ngoja kwanza usome haya. Naandika nikiwa na hasira na sitajifanya imeniisha. Malalamiko nimeshawapelekea wenye duka, wamekaa kimya. Basi acha wanunuzi wenzangu wasome.

Duka lenyewe liko ndani ya soko moja la wikendi huku Houston. Jina silitaji. Nilikwenda pale kwa sababu ya mzee mmoja wa Kifilipino tunayefanya naye kazi ghalani, mtu wa mkoa wa Batangas, ambaye ndiye aliyeniambukiza mapenzi ya kitu hiki. Wao wanakiita balisong, na kwenye mji wa Taal huko kwao kuna mtaa mzima wenye jina hilohilo, Balisong, ambako mafundi wamekuwa wakivifua kizazi baada ya kizazi, chuma kikitoka kwenye springi za magari na mipini ikichongwa kwa pembe ya nyati. Mzee ana kimoja alichoachiwa na baba yake. Siku aliyonionyesha, wakati wa mapumziko nyumbani kwake, alikifungua kwa mkono mmoja, mipini ikapishana mara mbili hewani, ikatulia kiganjani bila hata kelele. Nilisimama nimeduwaa. Mtu akikuambia kitu hiki ni cha wahuni tu, hajawahi kumwona mzee wa Batangas akikichezesha.

Kwa hiyo nilikwenda dukani na heshima zangu. Nikasalimia, nikaomba kuonyeshwa vya bei ya chini, nikachagua cha dola 25. Kabla ya kulipa nikauliza maswali mawili ya mtu mzima. La kwanza: sheria ya hapa inasemaje nikiwa nacho mfukoni? La pili: mdogo wangu yuko Uingereza naye anavipenda, naweza kumtumia kimoja kwa posta? Muuzaji hakuinua hata macho kwenye simu yake. Akasema, "Halali kila mahali, rafiki. Tuma popote."

Halali kila mahali! Yaani mtu anasimama nyuma ya kaunta ya visu, anakula kwa visu, halafu anamjibu mteja namna hiyo.

Nilipofika nyumbani nikampigia mdogo wangu aliyeko Leicester kumpa habari njema. Akaniamkia, nikamweleza, akanikatisha katikati. "Kaka, nakuomba usithubutu. Huku hata ukikiweka kabatini nyumbani kwako ni kosa. Polisi wakikikuta, si wewe uliyetuma watakayemshika, ni mimi." Na ndivyo ilivyo, wala hakuwa anatia chumvi. Uingereza walipiga marufuku kuviuza na kuviingiza nchini tangu 1988, na kuanzia Julai 2021 hata kuwa nacho faraghani, ndani ya nyumba yako, ni kosa la jinai. Kabla ya hapo serikali ilitoa muda watu wavisalimishe polisi na kudai fidia. Ujerumani vilipigwa marufuku 2003. Kanada navyo ni silaha zilizokatazwa, forodha yao wanavikamata. Hata Ufilipino kwenyewe, kitovu cha kitu hiki, sheria ya 1978 inakataza kubeba kisu nje ya nyumba isipokuwa kama ni chombo cha kazi yako. Sasa hiyo "kila mahali" ya yule bwana ni ya dunia ipi?

Nikaanza kusoma mwenyewe. Usiku nikitoka kazini nasoma. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuchemka, maana hata hapahapa Marekani jibu lake halisimami. Texas, kweli, tuko huru: tangu Septemba 2017 mtu mzima anaweza kubeba karibu kisu chochote, ila makali yakizidi inchi 5 na nusu, kama sentimita 14, kuna mahali huruhusiwi kuingia nacho, mfano shule, mahakama, hospitali, nyumba za ibada, na baa zinazoishi kwa pombe. Changu kilikuwa kifupi zaidi ya hapo, kwa hiyo kwa Texas sikuwa na shaka. Lakini ukifika California nacho mfukoni, mahakama za kule zinakihesabu sawa na kisu cha kujifyatua, kile unachobonyeza kitufe makali yakaruka nje, na makali yakifika inchi 2 huruhusiwi kukibeba, kukiuza, wala kukaa nacho ndani ya gari barabarani. Kukiweka nyumbani ni jambo jingine. Halafu juu ya majimbo yote kuna sheria ya shirikisho ya 1958 inayozuia visu vya kujifyatua kuingizwa nchini na kusafirishwa kibiashara kati ya jimbo na jimbo, na forodha ya Marekani inavihesabu visu vya kipepeo humohumo. Hivi vya bei nafuu unavyoviona mtandaoni vikija moja kwa moja kutoka ng'ambo vinaweza kuishia mikononi mwa forodha, nawe umeshalipa.

Hawaii ndiyo inayonichekesha na kunikasirisha kwa pamoja. Walivipiga marufuku kabisa 1999. Mwaka 2023 majaji watatu wa mahakama ya rufaa wakasema marufuku ile inakiuka Katiba. Uamuzi ukafutwa ili kesi isikilizwe upya na jopo kubwa, na kabla vumbi halijatua, 2024 bunge la jimbo lenyewe likalegeza sheria. Mtu aliyenunua kisu kule 2022 na aliyenunua 2025 hawako katika hali moja. Ndiyo maana nasema muuzaji hana haki ya kujibu kwa neno moja.

Wengine mtasema mbona nalikuza. Ndugu zangu, mimi naishi hapa kwa kadi ya kijani, yaani kibali cha mgeni cha ukaazi wa kudumu. Mama yangu yuko Tanga ananitegemea. Mzaliwa wa hapa akikamatwa na kisu kisichotakiwa atalipa faini, atanung'unika, atarudi nyumbani. Mimi kesi yoyote ya silaha ni usiku wa kutolala na pesa za wakili. Swali langu lilikuwa kinga yangu, akalitupa.

Sasa kisu chenyewe.

Siku za mwanzo, niwe mkweli, nilikifurahia. Kizito kidogo, rangi nyeusi inayong'aa, kinafunguka. Nikaanza na yale mazoezi mepesi aliyonifundisha mzee: shika mpini usiokutana na makali, acha mwingine uzunguke, usikimbilie. Hapa napo kuna jambo. Yule muuzaji alikuwa ameniambia mpini salama ni ule wenye kikomeo, kile kidude cha kuifungia mipini pamoja. Mzee aliposikia alishika kichwa. Kwa kawaida kikomeo hukaa kwenye mpini unaopokea makali, kwa hiyo mtu akifuata maneno ya duka, kisu kikijikunja kinamfungia vidoleni! Nilisalimika kwa sababu nilimsikiliza mzee na si dukani.

Baada ya muda kikaanza kulegea. Mipini inacheza kushoto na kulia, ukikitikisa kinalia. Nikatafuta pa kukaza, hakuna. Visu vya maana vina skrubu pale kwenye maungio, na ndani yake bushi (kipete kinachozuia msuguano) au beringi, unachukua bisibisi unarekebisha. Hiki kilikuwa na ribiti, pini ya chuma iliyogongwa ncha zake isifunguke. Ribiti ikishalegea, imelegea, labda uigonge kwa nyundo ukiomba Mungu.

Halafu jioni moja, jikoni, nikiwa nimesimama mbali na kila kitu, nikakizungusha polepole, mzunguko wa kawaida kabisa, mpini mmoja ukakatika. Haukuchomoka, ulikatika, pale penye tundu la ribiti. Upande wenye makali ukaruka, ukagonga mlango wa friji, ukaanguka kwenye vigae hatua chache kutoka mlango wa sebuleni ambako mwanangu alikuwa anaangalia katuni. Mlango wa friji una alama mpaka leo. Nilikiokota kile kipande cha mpini mkono unatetemeka. Nikakitazama pale kilipokatikia: kijivu, punje punje, kama sukari guru iliyovunjwa. Ile rangi nyeusi ilikuwa ngozi tu. Ndani ni zinki ya kumimina kwenye kalibu, na maungio yenyewe yamebaki membamba kuliko kucha.

Nikarudi dukani na vipande, na risiti. Alikuwa yuleyule. Nikamwonyesha, nikamweleza habari ya mtoto, nikamwomba anirudishie pesa. Halafu nikamwambia kwa utulivu, na wapo walionisikia, kwamba pia aache kuwaambia watu vinaruhusiwa kila mahali, maana angeweza kumfunga ndugu yangu. Akanitazama kuanzia viatuni hadi kichwani. Akasema kwa sauti ambayo kaunta ya pili walisikia: "Mbona una wasiwasi sana na polisi? Kwani unapanga kumfanyia nani nini?"

Watu wakageuka. Mama mmoja akamvuta mtoto wake.

Mimi. Baba wa watoto, nimevaa sare ya kazi, nina kisu kilichovunjika kwenye mfuko wa plastiki na risiti mkononi. Mtu mwenye nia mbaya anaulizia sheria? Mtu mwenye nia mbaya anatunza risiti? Pale dukani kulikuwa na vijana wananunua bila kuuliza chochote na wanaitwa "rafiki". Mimi niliyeuliza ndiye niliyeshukiwa, na sote tunajua ni kwa nini, sina haja ya kulieleza. Nikatoka bila kumjibu, kwa sababu huku mtu wa sura yangu akipandisha sauti katika duka la visu, najua simu itakayopigwa itapigwa wapi.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia kuwaambia msiguse kabisa vya bei nafuu. Sasa nimefika hapa na hilo siwezi kulisema kwa moyo mmoja. Mwezi uliofuata mzee alinipeleka duka jingine, mbali kidogo, tukamkuta binti mdogo. Nikamuuliza maswali yaleyale, na niseme ukweli nilikuwa nimejikaza kungoja tusi. Akanijibu, "Kwa Texas uko sawa, ngoja nikuonyeshe," akafungua sheria ya jimbo kwenye kompyuta, akaigeuza nikasoma mwenyewe. Nilipomtajia Uingereza akatikisa kichwa: hawatumi huko, na akanishauri nisijaribu. Dakika chache tu. Nilitamani kumkumbatia. Akaniuzia cha mazoezi, kisicho na makali kabisa, mipini ya alumini, skrubu na bushi, na akanipa tone la gundi ya skrubu nipake ili zisilegee. Bei ilizidi ile ya kwanza kwa dola chache. Hadi leo hakilii. Nakichezesha hata mwanangu akiwa chumba kilekile, nikimpa mgongo.

Kwa hiyo bei si tatizo, narudisha kauli yangu. Au niseme hivi: bei ni tatizo pale inapoficha ribiti na zinki. Ukiona skrubu kwenye maungio, ukakishika kikafunguka bila kuyumba, na mwenye duka akakujibu swali la sheria kwa jina la jimbo unaloishi, nunua, na uanze na kisicho na makali. Ukiona ribiti, rudisha mezani hata kama ni dola 10. Na kama uko Uingereza, usinunue cha makali kabisa, hata cha kuweka ukutani, hata kama muuzaji anaapa.

Lile duka la soko nalipa alama ya chini kabisa inayowezekana. Kuna saa nafikiri labda bwana yule alikuwa na siku mbaya. Halafu namkumbuka yule mama alivyomvuta mtoto wake, na damu inapanda upya. Dola zangu 25 nazidai, na wiki hii nawaandikia tena.