Hijabu ya michezo isiyo na pini: inafaa, ila kagua kwanza mshono wa kidevuni

Hijabu hii haina pini, zipu wala velkro. Ni kitambaa chepesi cha poliesta yenye nyuzi zinazovutika, kimeshonwa kama mfuko wenye tundu la uso. Unaipitisha kichwani, pindo la mbele linafunika shingo, na la nyuma, lililo refu zaidi, unalichomekea ndani ya jezi. Nike ilitangaza ya kwake Machi 2017. Leo kampuni nyingi zinashona za namna hiyo. Tunaipima kama aina ya vazi, maana kinachotofautisha nzuri na mbaya ni ushonaji kuliko nembo.

Hoja kubwa ya kuizuia hijabu viwanjani ilikuwa usalama: pini inachoma, na mtandio unaoning'inia ukishikwa unaweza kumkaba anayeuvaa. Kwa mtandio wa kawaida, hoja hiyo ilikuwa na uzito. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mjini Amman, katika mchujo wa Olimpiki, kwa sababu ya vazi la kichwani. Mwaka uliofuata IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka, iliruhusu majaribio, na Machi 2014 ikakubali rasmi. Mpira wa kikapu ulifuata: sheria mpya ya FIBA, shirikisho la mchezo huo duniani, ilianza Oktoba 2017.

Masharti ya soka ndiyo yanayopaswa kukuongoza ukinunua. Kifuniko kiwe cheusi au cha rangi kuu ya jezi, na wote wanaokivaa katika timu moja wavae rangi ileile. Kisiunganishwe na jezi. Kisiwe na kitu kinachochomoza wala kisihatarishe mtu, na hapo sheria inatoa mfano wa kifungio cha shingoni. Kwa hiyo zile zenye velkro kidevuni ziache, hata kama ni rahisi kuvaa. Mwamuzi ana haki ya kukuamuru utoke uwanjani ukairekebishe. Zenye maua na michoro ni za mazoezi tu. Kwenye kikapu nyeupe pia inakubalika.

Saizi ndipo wengi wanapokosea. Zinauzwa kwa makundi mawili au matatu tu, na vichwa haviko hivyo. Pima mzunguko wa kichwa juu kidogo ya nyusi, nywele zikiwa zimefungwa kama utakavyozifunga siku ya mechi: chini, kisogoni. Kifundo kikikaa utosini kinavuta pindo la mbele nyuma, na nywele zinatokeza kabla ya mapumziko. Ukiisha kuivaa, fungua mdomo wote kama unayemwita mwenzako wa upande wa pili. Mshono wa kidevuni ukivuta pindo la paji la uso hadi kwenye nyusi, tundu ni dogo. Kisha geuza shingo haraka kulia na kushoto. Uso ukigeuka kitambaa kikabaki, jicho moja litafunikwa na hutamwona mpinzani anayekujia. Mwisho inua mikono juu mara kumi. Pindo la nyuma likichomoka, ni fupi: lishuke angalau shubiri moja chini ya kola.

Angalia pia masikio. Safu moja yenye vitundu vidogo inapitisha filimbi vizuri. Safu mbili zinaififisha. Mshono unaopita juu ya sikio utakuchubua. Pamba tupu usiichukue: inanyonya jasho, inalemea, inalegea.

Kasoro yake ya kweli ni kwamba inabana, na umbo la shingo linaonekana. Kwa anayetaka sitara zaidi, zipo ndefu zinazofika kifuani, ila zina joto zaidi na lazima zichomekwe zote.

Vazi hili limemaliza hoja ya usalama, na wanaoendelea kuizuia waseme wazi kwamba sababu yao ni nyingine. Juni 2023 Baraza la Taifa la Ufaransa, mahakama ya juu ya utawala, lilikubaliana na shirikisho la soka la huko kuizuia, kwa hoja ya kutoonyesha dini uwanjani. Mwezi uliofuata Nouhaila Benzina wa Morocco aliivaa kwenye Kombe la Dunia, akacheza bila tatizo. Wala kitambaa hakijibu swali la mwanamke anayelazimishwa kukivaa, kama sheria ya Iran inavyofanya. Sisi tunasema achague mchezaji mwenyewe.

Ifue kwa maji baridi na sabuni kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu inaziba vitundu vinavyotoa jasho. Usipige pasi. Anika kivulini. Ya uwanjani usiogelee nayo: klorini inakula nyuzi zinazovutika, na pindo la uso likilegea halirudi tena.