Kuku au bata kwenye bustani ya nyumbani?
Kwa mwenye bustani, tofauti kubwa iko miguuni. Kuku huparua: mwachie tuta la mchicha asubuhi, jioni utakuta mizizi iko juu. Bata haparui. Hupita akiokota konokono na wadudu, ingawa miche michanga huikanyaga na majani laini huyala. Hapo nampa bata ushindi, hasa masika.

Ugonjwa nao: kideri huweza kumaliza banda zima la kuku, wakati bata mara nyingi hunusurika. Ukifuga kuku, chanjo ya tone la jicho kila miezi 3 usiiruke, tafadhali.

Ila maji! Bata anataka chombo cha kuzamisha kichwa chote, na huyachafua upesi. Hapa Kigoma, aliye jirani na ziwa hasumbuki; anayenunua maji kwa dumu ataumia.

Chakula, wote hula pumba na dagaa waliovunjika, bata akila zaidi. Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21, ya bata 28 hadi 35 kutegemea aina, na wateja wa kuku ni rahisi kupata.

Unayetaka hela ya haraka na unaweza kuzungushia matuta uzio, anza na kuku. Mwenye maji ya kutosha na konokono wasumbufu, chukua bata.